"Andika Vile Nimesema": Barua za Mama Zetu

(Mazungumzo yaliyotolewa na wanachama wa kikundi kimoja cha upande wa Munyu, mbele ya vikundi vya kujisaidia vya Thika na Ruiru. Yamechapishwa karibu kama yalivyosemwa.)



Tuliombwa tuje tuongee juu ya kuweka kumbukumbu za nyumbani. Tulipokaa kupanga tutasema nini, mwenyekiti wetu alituambia, "Sisi si walimu. Tuseme kile tunachokijua." Basi tukaulizana, ni nini hicho? Tukaona jambo moja. Wengi wetu tumepita miaka sitini, na tulipokuwa watoto tulifanya kazi ambayo watoto wa siku hizi hawaijui. Tulikuwa waandishi wa mama zetu. Mama alisema, sisi tukaandika.

Kwa hivyo leo hatutaongea juu ya vitabu vya hesabu ya kikundi. Tutaongea juu ya barua ya mama. Mkisikiliza hadi mwisho mtaona kwamba jambo hili si dogo.

BARUA ILIVYOANDIKWA

Mtakumbuka vile ilikuwa miaka ya sitini na ya sabini. Baba yuko Nairobi, ama yuko Ruiru kwa mashamba ya kahawa, ama amefika mpaka Mombasa bandarini. Mama yuko nyumbani na watoto, mbuzi wawili na shamba. Nauli ni shida. Simu iko posta na ofisi za serikali, na si ya mtu kama sisi. Kilichobaki ni barua.

Jioni, vyombo vikisha kuoshwa, mama anamwita yule mtoto aliye darasa la nne ama la tano. "Lete kalamu." Karatasi inatolewa katikati ya daftari la shule, pale penye pini, ili mwalimu asijue. Koroboi inasogezwa karibu. Wengine tuliandika kwa Kikuyu, wengine kwa Kikamba, na wengine kwa Kiswahili chetu cha shule kilichovunjika vunjika.

Mwanzo ulikuwa mmoja kwa nyumba zote. "Kwa Baba ya Watoto. Pokea salamu nyingi. Sisi huku hatujambo, wasiwasi ni kwako wewe uliye mbali." Hayo tuliyaandika hata kabla mama hajafungua mdomo. Baada ya salamu ndipo mambo yenyewe yanaanza. Mvua imenyesha mara moja tu ikapotea. Mahindi yamefika magotini. Mbuzi mweusi amezaa. Shosho anaumwa na miguu. Mtoto wa pili amerudishwa nyumbani kwa sababu ya pesa za shule. Kikundi cha mabati kimeezeka nyumba ya sita na mwezi ujao ni zamu yetu, kwa hivyo usikose kutuma ile pesa uliahidi.

Hebu tusimame kidogo hapo. Nyinyi vijana, mnajua kikundi cha mabati? Ni akina mama waliochanga senti na shilingi, wakalima mashamba ya watu kwa malipo, wakanunua mabati na kuezeka nyumba za wanachama moja baada ya nyingine. Vikundi vyetu vya leo vilizaliwa huko. Na mambo mengi ya vikundi vile hayakuandikwa kwa kitabu chochote. Yaliandikwa katika barua kama hizo, katikati ya habari ya mbuzi na habari ya miguu ya shosho.

Mwisho wa barua mama anasema, "Mletee mtoto mdogo viatu." Anachukua uzi, anaupima kwa mguu wa mtoto, anaukata na kuutia ndani ya bahasha. Baba akifika dukani Nairobi, anatoa uzi ule mfukoni na kuuweka ndani ya kiatu. Hakuna kubahatisha.

Jibu lilikuja kwa sanduku la posta la shule ama la duka. Mwalimu alisoma majina wakati wa paredi, na aliyeitwa alikimbia nyumbani akiwa ameshikilia bahasha kama amebeba yai.

Mama aliyekuwa hajui kusoma alikuwa na neno moja alilolirudia: "Andika vile nimesema." Hakuwa na njia nyingine ya kuhakikisha. Ilibidi atuamini.

BARUA ILIYOPUNGUZWA

Mmoja wetu ameturuhusu tuseme habari hii, na yuko hapa pamoja nasi.

Mwaka 1969 alikuwa msichana wa miaka kumi na mmoja. Usiku mmoja mama yake alimketisha kuandika barua. Yalikuja mambo ya kawaida kwanza: mvua, mbuzi, mabati, viatu. Kisha mama akasema, "Mwambie kifua kinaniuma usiku, na nakohoa sana. Pesa nilizoweka za kwenda hospitali nimelipa shule. Mwambie aje, hata ikiwa ni kwa siku moja."

Msichana akasimamisha kalamu. Kikohozi cha namna hiyo kilikuwa kinaogopwa kijijini. Nyumba ikishukiwa, watoto wengine walikatazwa kucheza huko. Tena karatasi ilikuwa imebaki mistari miwili, na yeye alikuwa na usingizi. Akaandika, "Mama ana homa kidogo lakini si mbaya." Mama akamwambia, "Nisomee." Akamsomea. Lakini alisoma yale mama alisema, si yale aliyoandika.

Baba akapata barua. Akafurahi kuona nyumbani ni salama. Akatuma pesa za mabati na viatu vilivyotosha sawasawa, lakini yeye mwenyewe hakuja. Baada ya wiki kadhaa majirani walimpeleka mama hospitali Thika akiwa hawezi kutembea. Ulikuwa ugonjwa wa kifua kikuu, na siku hizo matibabu yake yalikuwa ya kulazwa miezi mingi. Mtoto wa mwisho alilelewa na shangazi. Zamu ya mabati ikapita ikaenda nyumba nyingine.

Mama alipona, tunashukuru. Baba alipokuja kumwona aliuliza, "Mbona hukuniandikia?" Msichana alikuwa amesimama pale kando ya kitanda. Mama akamtazama, halafu akamjibu baba, "Nilisahau kumwambia aandike."

Hatusemi haya ili kumlaumu mtoto. Alikuwa mtoto, na kazi aliyopewa ilikuwa ya mtu mzima. Tunayasema ili mjue barua ya mama ilikuwa kitu cha namna gani. Afya ya mtu, masomo ya watoto na mabati ya nyumba, vyote vilitegemea ukurasa mmoja ulioandikwa na mtoto mwenye usingizi.

AKINA MAMA WA MBALI

Tulipokuwa tukitayarisha mazungumzo haya, binti wa mwanachama wetu mmoja ambaye ni mwalimu alituambia habari za akina mama wa mashambani huko Marekani katika miaka ya 1800. Tulicheka, maanake tulijiona sisi wenyewe.

Siku hizo vijana wa Marekani walikuwa wakiacha mashamba ya wazazi na kuelekea magharibi kutafuta ardhi. Dhahabu ilipopatikana California, watu wengi sana walikimbilia huko mwaka 1849. Mama alibaki nyuma, na barua ndiyo ilikuwa sauti yake. Lakini barua ilikuwa ghali. Kabla ya mwaka 1845, karatasi moja iliyokwenda zaidi ya maili 400 ililipiwa senti 25, na mara nyingi aliyelipa ni yule anayepokea. Fikiria umeletewa barua na huna pesa ya kuichukua! Mwaka 1845 serikali yao ilipunguza bei, na mwaka 1851 barua iliyolipiwa mapema ikawa senti 3 tu. Ndipo watu wa kawaida wakaanza kuandikiana sana.

Ili kubana matumizi, wengine waliandika ukurasa mzima, kisha wakaugeuza upande na kuandika tena juu ya maandishi ya kwanza, mistari ikikatana kama kikapu kilichosukwa. Kama sisi, watu wa mashambani walifuata barua zao mjini posta. Ilikuwa mwaka 1896 ndipo serikali ilianza kupeleka barua mpaka mashambani.

Na waliandika nini? Nani anaumwa na nani amezaa. Siagi inauzwa pesa ngapi. Theluji imeharibu nini. Mwanangu, vaa nguo nzito, na usisahau kwenda kanisani. Ni yale yale ya mama zetu.

Lakini huko pia si kila mama aliyeandika. Katika majimbo mengi ya kusini sheria ilikataza kuwafundisha watumwa kusoma na kuandika. Mama mtumwa aliyetenganishwa na watoto wake kwa kuuzwa ilimbidi amtafute mtu wa kumwandikia, kama alimpata. Ndiyo sababu barua za akina mama kama hao ni chache sana leo, na kila moja iliyobaki ina thamani kubwa. Barua za wengine wamezihifadhi kwa maktaba. Watu wenye elimu kubwa wanazisoma ili wajue familia ya kawaida iliishi vipi, ilikula nini, ilizika watoto wangapi.

MAMA MMOJA WA THIKA

Sasa turudi nyumbani. Mnajua kwamba kuna mama aliyeishi hapa Thika ambaye barua zake ni kitabu?

Wengi mmesikia juu ya kitabu cha Elspeth Huxley kiitwacho The Flame Trees of Thika. Kilitoka mwaka 1959, na mwaka 1981 kikaonyeshwa kwa televisheni. Elspeth alikuwa mtoto wa walowezi waliokuja hapa kulima kahawa kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Alifika mwaka 1913 akiwa na miaka sita. Mama yake aliitwa Nellie Grant.

Katika miaka ya 1920 familia hiyo ilihamia Njoro. Elspeth alikwenda kusoma Uingereza na Marekani, akaolewa, akakaa ng'ambo. Mama akabaki shambani Njoro. Kwa miaka mingi alimwandikia binti yake juu ya shamba, mvua, mimea aliyoijaribu, pesa zilizokosekana, wanyama na majirani. Mwaka 1965 aliondoka Kenya akaenda kuishi Ureno, na akafariki mwaka 1977. Binti yake alikuwa ameweka barua zile, na mwaka 1980 akazitoa kwa kitabu kiitwacho Nellie: Letters from Africa.

Hatukuja hapa kuwasifu walowezi. Kila mtu hapa anajua ardhi ya nchi yetu ilifikaje mikononi mwao, na wazee wetu walilipa nini. Lakini hebu tuwe wakweli. Mama yule aliandika mambo ya kawaida, binti akayaweka, na leo mtu akitaka kujua mwaka fulani ulikuwa mgumu namna gani kwa nyumba ile, anafungua ukurasa.

Sasa wafikirieni akina mama waliochuma kahawa katika mashamba ya Thika na Ruiru miaka hiyo hiyo. Walikuwa na watoto. Walikuwa na waume waliochukuliwa kubeba mizigo ya vita, na wengi hawakurudi. Walikuwa na maneno ya kusema, pengine mengi kumshinda mwenye shamba. Walituma ujumbe kwa mdomo kwa mtu anayepita njia, na mtu yule alipofika, maneno yakaisha. Mama wa mwenye shamba tunamsoma. Nyanya zetu hatuna hata mstari mmoja wao.

Kisha ikaja Hali ya Hatari, Oktoba 1952. Kuanzia mwaka 1954 watu wetu walihamishwa katika vijiji vya lazima, na maelfu ya akina baba walikuwa kizuizini. Barua za kwenda na kutoka kambini zilikaguliwa na askari na maofisa. Mama aliogopa kusema ukweli hata kama alikuwa na mtu wa kumwandikia. Na karatasi nyingine zilichomwa na wenyewe kwa hofu. Wachache waliweza kuhifadhi. Gakaara wa Wanjau, mwandishi wa Kikuyu, alikamatwa mwaka 1952 na akaandika shajara yake kizuizini. Ilichapishwa kwa Kikuyu mwaka 1983, na mwaka uliofuata ikapata Tuzo ya Noma. Tunajua mengi kwa sababu karatasi zake hazikupotea. Je, ni karatasi ngapi zilizopotea?

Mwaka 1959 wanafunzi 81 walipanda ndege kwenda kusoma Marekani kwa mpango wa Tom Mboya na marafiki zake, na mamia wengine wakafuata hadi mwaka 1963. Huko nyuma kila mmoja alikuwa na mama aliyengoja ile karatasi ya buluu ya barua ya ndege. Ziko wapi barua hizo? Nyingine ziko kwa masanduku chini ya vitanda. Nyingine zimewasha moto wa jikoni. Hatujapata mtu wa kuziuliza.

MAMA ALIPOSHIKA KALAMU

Turudi kwa yule mama wa 1969. Mwaka 1979 serikali ilianzisha idara ya elimu ya watu wazima, na masomo ya ngumbaru yakaenea makanisani, mashuleni na hata chini ya miti. Yeye akajiandikisha. Watu walimcheka. Wakamwambia, "Wewe mzee hivyo unatafuta kazi gani?" Aliwajibu kwamba hatafuti kazi, anataka kujisemea mwenyewe.

Mwaka 1981 binti yake, yule mwandishi mdogo wa zamani, alikuwa ameajiriwa mbali na nyumbani. Akapokea bahasha yenye maandishi makubwa yaliyopinda. Ilikuwa barua ya kwanza ya mama kwa mkono wake. Hakuwa ameacha nafasi kati ya maneno mengine. Alisema ng'ombe amezaa ndama jike. Bei ya maharagwe imeanguka soko la Thika. Paa linavuja upande wa jikoni. Halafu chini kabisa akaandika hivi: "Ile barua ya kifua nilijua. Baba yako alinionyesha karatasi, nikaona ni fupi kuliko maneno yangu. Sikuwa na kinyongo. Sasa naandika mwenyewe."

Mwenzetu bado anayo barua hiyo. Mama alifariki mwaka 2004. Usiku wa kuandika wasifu wa marehemu, watu walikuwa wakibishana juu ya miaka: alibatizwa lini, aliingia kikundi lini, nyumba ya mabati ilijengwa lini. Binti akatoa mkebe wa biskuti wenye barua ishirini na tatu za mama. Ubishi ukaisha. Na siku ya mazishi watu hawakusomewa wasifu tu. Walimsikia mama mwenyewe akilalamika juu ya bei ya maharagwe, wakacheka, kisha wakalia.

Mara ngapi sisi tumekaa usiku kama huo na hakuna anayejua mama alizaliwa mwaka gani?

NA SIKU HIZI?

Mtu atasema, "Lakini sasa tuna simu." Ni kweli, na sisi hatutaki kurudi kwa koroboi. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, pesa ya mabati inafika kabla chai haijapoa. Mama akikohoa leo anapiga simu mwenyewe, na hakuna mtoto wa kuyapunguza maneno yake. Tungekuwa nayo mwaka 1969, mama yule asingengoja mpaka abebwe.

Shida ni moja. Maneno ya simu yakisemwa, yamekwenda. Hata yale yanayoandikwa kwa simu, siku simu inapoibiwa kwa matatu ama inapoanguka kwa maji, yamekwenda nayo. Tunaongea na watoto wetu kila siku kuliko wazee wetu walivyoota, na bado tunaweza kufa bila kuacha mstari mmoja. Tutakuwa kama wale wachumaji wa kahawa, ijapokuwa sisi tumesoma.

TUFANYE NINI?

Kikundi chetu kilikubaliana mambo haya. Yachukueni, myapime kwa vikundi vyenu.

1. Kila mwanachama aandike barua moja kwa mwezi kwa mtoto, ndugu ama mjukuu. Si lazima iwe na jambo kubwa. Andika mvua, bei ya maziwa, nani anaumwa, kikundi kimefika wapi. Itume, ama mpe kwa mkono akija nyumbani.

2. Andika tarehe kamili na mwaka, na mahali ulipo. Barua nyingi za zamani zimeandikwa "Jumanne" tu, na Jumanne ni nyingi.

3. Taja watu kwa majina yao. "Yule mtoto wa jirani" hatajulikana miaka thelathini ijayo.

4. Ukimwandikia mzee asiyeweza kuandika, andika vile amesema. Usipunguze kwa sababu ya aibu, usiongeze ili ipendeze. Ukimaliza, msomee yaliyoandikwa, si yale unayokumbuka. Na mambo yake usiyapeleke sokoni.

5. Ziweke barua mahali pakavu, mbali na mchwa, panya na moshi wa jikoni. Mkebe wenye kifuniko unatosha. Usizikunje kunje, na usizifunge na raba kwa sababu raba huoza na kushikana na karatasi.

6. Kabla ya kuchoma takataka baada ya mazishi, mtu mmoja apewe kazi ya kupitia karatasi zote. Kwetu tumeona barua na kadi za ubatizo zikitupwa pamoja na magazeti.

7. Ujumbe muhimu wa simu unakili kwa daftari, na tarehe yake.

Tunaongeza onyo moja. Barua si hati ya shamba. Inaweza kusaidia kukumbusha nani alizaliwa lini ama nani alilipa nini, lakini mambo ya ardhi na urithi yafuateni kwa njia ya sheria mapema, wazee wakiwa hai. Na si kila barua ni ya kusomwa mbele ya watu. Kama mama aliandika jambo la siri, liheshimuni. Yule mama wa 1969 alimfichia mtoto wake aibu kwa miaka kumi na miwili. Na sisi tujifunze wakati wa kusema na wakati wa kunyamaza.

Wapendwa, tulipokuwa watoto tulidhani tunamwandikia baba habari za mbuzi. Kumbe tulikuwa tunaandika historia ya nyumba zetu, na hatukuiweka. Waliobaki na mama, mkirudi leo jioni, lete kalamu, keti karibu naye, mwulize anataka kumwambia nani nini. Halafu andika vile amesema.



MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Ni nani kati yetu ana barua ya zamani ya mzazi? Imewekwa wapi?

2. Kikundi chetu kilianza mwaka gani, na waanzilishi walikuwa akina nani? Imeandikwa mahali, ama iko vichwani tu?

3. Ni wazee gani karibu nasi wasioweza kuandika, na ni nani kati yetu anaweza kuaminiwa kuwaandikia?

4. Je, kuna mama ama baba ambaye bado angependa kujifunza kusoma? Tutamsaidiaje bila kumcheka?